Mita Janja, Ujanja wa Nani?



Neno "janja" limepata bahati ya ajabu katika lugha yetu. Zamani lilikuwa neno la kuogopwa: mjanja alikuwa sungura wa hadithi, yule awalaghaiye simba na fisi kisha akaondoka na asali. Leo neno hilohilo limetakaswa na teknolojia. Tuna simu janja, runinga janja na mita janja, na sasa tunahubiriwa nyumba janja, yaani nyumba ambamo taa, friji, hita ya maji na jiko la umeme huunganishwa na intaneti, vikajiwasha na kujizima kwa kufuata saa, bei, au amri itokayo mbali. Wauzaji wa vifaa hivyo hutuambia kwamba kila mmoja atanufaika: shirika la umeme litapunguza gharama zake, na mteja atapunguza malipo yake.

Mimi nasema kwamba madai hayo ni kweli nusu. Hapa kwetu Uganda, nusu ya shirika imekwisha kulipwa. Nusu ya mteja ingali ahadi, na itabaki ahadi mpaka raia waidai.

Kwanza tuelewe ni kwa nini shirika la umeme lijali saa unayopiga pasi. Umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Zipo betri kubwa za kuuhifadhi, lakini bei yake ni kubwa; kwa sehemu kubwa umeme huzalishwa na kutumiwa papo hapo. Sasa fikirini jioni yetu. Kuanzia saa kumi na mbili, taa zinawashwa, runinga zinafunguliwa, maji ya kuoga yanachemshwa, pasi zinapashwa moto kwa ajili ya sare za kesho, na yote hayo hufanyika katika saa zilezile, Kampala, Mbale, Gulu na Mbarara. Mitambo, nyaya na transfoma lazima vijengwe kwa kipimo cha saa hizo chache. Ni kama shule inunuayo masufuria kwa kipimo cha siku ya wazazi: siku nyingine zote masufuria yamekaa stoo, lakini fedha yake ilikwisha kulipwa. Na pale kipimo kinapopungua, transfoma ya mtaa hulemewa, ikaungua, na mtaa mzima ukalala gizani.

Hapo ndipo teknolojia ya nyumbani inapoingia kwa haki kabisa. Hita ya maji haina sababu ya kuwaka saa mbili usiku ikiwa maji yatahitajika alfajiri. Friji nzuri inaweza kupumzika nusu saa bila maziwa kuharibika. Betri ya pikipiki ya umeme inaweza kuchajiwa wakati mwenyewe amelala. Kifaa kinachojua saa, au kinachopokea ishara kutoka kwa shirika, kinaweza kuhamisha kazi hizi kutoka jioni hadi usiku wa manane bila mtu kunyimwa chochote. Wala si jambo la jana. New Zealand imekuwa ikizima na kuwasha hita za maji za nyumbani kwa ishara zinazopita katika nyaya zenyewe za umeme tangu katikati ya karne ya 20, kabla intaneti haijazaliwa.

Kwamba mteja naye anaweza kupata fungu lake, Uingereza ilionyesha katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023. Msimamizi wa gridi ya nchi ile alianzisha mpango wa hiari. Familia zenye mita janja zilipewa taarifa mapema kwamba jioni fulani, katika saa fulani, zikipunguza matumizi zitalipwa. Mita iliyosoma matumizi kila nusu saa ndiyo iliyokuwa shahidi. Nyumba na biashara zipatazo milioni 1.6 zilijiunga, na kwa pamoja zikapunguza zaidi ya megawati-saa 3,300. Tazameni utaratibu huo kwa makini. Familia iliombwa, haikuamriwa. Ilijua saa. Ilipimwa kwa haki. Kisha ililipwa. Mambo hayo manne yakikutana, faida ya shirika na faida ya mteja huwa kitu kimoja.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2011 kampuni ya Umeme, iliyokuwa ikisambaza umeme nchini, ilianza kutuletea mita za malipo ya kabla kwa jina la Yaka. Jina hilo ni la Kiganda, nalo ni ndugu wa damu wa kitenzi chetu cha Kiswahili "kuwaka". Jirani zetu Watanzania waliita mita zao LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Yaka hukuambia kwamba taa itawaka. LUKU hukuambia kwamba utalipa. Majina ni mawili, lakini mpango ni mmoja: fedha kwanza, umeme baadaye.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mita hizo ziliwaondolea wateja adha ya ankara za kukisia. Ziliondoa ugomvi na fundi aliyekuja kukata waya mwisho wa mwezi. Zilimpa mama wa nyumbani uwezo wa kununua umeme wa shilingi elfu tano leo na elfu tatu keshokutwa, kama anavyonunua sukari. Sitayakana mema hayo.

Lakini pimeni na upande wa pili wa mizani. Umeme ilipopokea mkataba wake wa miaka 20 mwaka 2005, takriban asilimia 38 ya umeme ulipotea njiani, kwa nyaya chakavu na kwa wizi. Mkataba ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025 na kazi kurudishwa kwa shirika la serikali la UEDCL, upotevu ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 20. Si kazi ya mita peke yake, maana nyaya na transfoma nazo zilibadilishwa, lakini mita zilikuwa na mkono mkubwa. Tena fedha ya mteja wa nyumbani sasa hufika kabla ya umeme kutumika. Kwa lugha nyepesi, mamia ya maelfu ya familia hulikopesha shirika lao la umeme kila wiki bila riba. Ni biashara gani nyingine, nawauliza, inayolipwa na maskini kabla haijatoa bidhaa?

Na mita yenyewe je, ina ujanja gani? Mwaka 2024 tuliuona mpaka wa akili yake. Mita za aina hii, duniani kote, zilikuwa zimetengenezewa kihesabu cha dakika kilichoanza mwaka 1993, na kihesabu hicho kilikuwa kinafikia ukomo wake tarehe 24 Novemba 2024. Ili mita iendelee kupokea umeme, iliwabidi wateja kubonyeza wenyewe misimbo miwili ya tarakimu 20 kila mmoja kabla ya kuingiza msimbo wa umeme walionunua. Wazee wasioona vizuri waliomba wajukuu wawasaidie. Mita iliyoshindwa kurekebishwa kwa mbali, isiyowasiliana na yeyote, isiyojua kutofautisha saa mbili usiku na saa nane usiku, inaitwaje janja? Kwa mteja ni kisanduku cha kukusanyia fedha. Ujanja wake wote uko upande wa mkusanyaji.

Hapa nafika kwenye kiini cha shauri langu. Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi cha ERA, hutangaza bei za umeme kila robo ya mwaka. Somemi jedwali hilo kama mnavyosoma shairi, mstari kwa mstari. Mtakuta kwamba wateja wa biashara na viwanda wana bei za saa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa sita usiku bei iko juu. Mchana iko katikati. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri bei hushuka. Mwenye kiwanda akihamishia kazi usiku, analipwa kwa busara yake. Kisha shukeni hadi mstari wa mteja wa nyumbani. Hapo saa hazipo. Mama anayepiga pasi saa kumi alfajiri analipa sawa na anayepiga pasi saa mbili usiku. Tunahimizwa kununua vifaa janja vya kuhamisha matumizi, ilhali bei tunayolipa haijui kama usiku umekucha! Mnunulieni huyo mama hita janja, swichi janja na friji janja: shirika litapumua jioni, transfoma itapona, na yeye hatapata hata shilingi.

Wengine watanijibu kwamba serikali imemkumbuka mteja wa nyumbani kwa njia nyingine. Kweli, imeweka bei nafuu ya shilingi 250 kwa uniti 15 za kwanza za mwezi, na baadaye ikaweka bei ya kupikia ya shilingi 412 kwa uniti za 81 hadi 150. Nia ni njema, lakini fuateni hesabu. Ili uifikie bei ya kupikia, sharti kwanza upite uniti 65 za bei kamili. Anayepita ni nani? Ni yule mwenye friji, hita na runinga kubwa. Mjane anayetumia uniti 40 kwa mwezi hafiki huko, basi hubaki na mkaa wake na moshi wake. Na wapangaji wa mizigo, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizopangwa kama mabehewa, mara nyingi hutumia mita moja ya mwenye nyumba. Uniti 15 za nafuu hugawanywa kwa vyumba sita au vinane, na kila mmoja hupata tone. Bei ya usiku haina kizingiti cha namna hiyo. Uniti ya kwanza ikitumika usiku, nafuu inaanza hapo hapo.

Tufanye mfano mdogo wa darasani. Hita ya maji ya kilowati moja na nusu ikiwaka saa moja kila siku, hutumia uniti 45 kwa siku 30. Tuseme bei ya usiku ingekuwa pungufu kwa shilingi 200. Kwa kuhamisha saa hiyo moja tu, familia ingebakiwa na shilingi 9,000 kila mwezi. Asiye na hita anaweza kuloweka maharage mchana na kuyapika alfajiri katika jiko la umeme la presha, lenye kifaa cha saa ndani yake. Nyumba janja si lazima iwe kasri la tajiri. Swichi moja yenye saa, iliyochomekwa ukutani, ni mwanzo wa kutosha, ikiwa bei itaitambua.

Nasikia pingamizi la pili: shirika litapata hasara likiuza umeme kwa bei ya chini usiku. Hasara ya nini? Bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi Septemba 2024, na uwezo wa kuzalisha umeme nchini ukapita megawati 2,000. Mahitaji yetu, hata jioni yanapokuwa juu, yako mbali na kiwango hicho, na usiku wa manane hupungua zaidi. Maji ya mto Nile hayangoji mteja aamke. Yakipita bila kuzungusha mtambo, yamepita. Tena baadhi ya mikataba ya mitambo hutulazimu kulipia umeme ambao ungeweza kuzalishwa hata kama hakuna aliyeutumia. Basi uniti inayouzwa usiku kwa bei nafuu si hasara, ni mavuno ya shamba ambalo kodi yake tunailipa hata tukiliacha limeota magugu.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nami nalichukua kwa uzito wake. Yapo madhara ya kumpa mtu wa mbali mkono ndani ya nyumba yako. Juni 2021, katika jimbo la Texas nchini Marekani, wakazi kadhaa walishangaa kuona vidhibiti joto vyao vimepandishwa kutoka mbali, nyumba zikapata joto wakati jua ni kali. Kumbe walikuwa wamejiandikisha katika mpango wa kuokoa umeme, wakivutiwa na bahati nasibu, bila kuyaelewa masharti vizuri. Uingereza nako, nchi ileile niliyoisifu, mita janja zilitumiwa pia kuwahamisha wadaiwa hadi malipo ya kabla kwa kubonyeza kitufe ofisini. Februari 2023 gazeti la The Times lilifichua jinsi wakusanya madeni walivyoingia kwa nguvu katika nyumba za watu dhaifu ili kufunga mita za malipo ya kabla, na msimamizi wa sekta, Ofgem, akayataka makampuni yasitishe ufungaji wa lazima.

Je, mifano hiyo inatufundisha tukimbie teknolojia? La. Inatufundisha kwamba kifaa kilekile huwa mtumishi au mnyapara kwa kutegemea kanuni zilizoandikwa kabla hakijafungwa ukutani. Anayengoja kufungiwa mita kisha ndipo aulize masharti amechelewa. Kwa hiyo, kabla ya wimbi la mita janja halijafika mlangoni mwa kila mmoja wetu, nataka raia wa Uganda wadai mambo manne.

La kwanza ni bei ya usiku kwa wateja wa nyumbani, iwe ya hiari, wala isiwe kisingizio cha kupandisha bei ya jioni. Mgonjwa anayehitaji umeme saa mbili usiku, na mwanafunzi anayesoma saa tatu, wasiadhibiwe kwa kuwa maisha yao hayahamishiki.

La pili ni ridhaa. Kifaa chochote cha nyumbani kisizimwe kutoka mbali mpaka mwenye nyumba amekubali kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kiganda, Kiacholi au Kinyankole, na awe na uwezo wa kujitoa siku yoyote bila faini.

La tatu ni faragha. Mita isomayo kila nusu saa hujua unaamka lini, unalala lini na umesafiri lini. Hiyo ni siri ya nyumba. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Basi na itamkwe waziwazi kwamba takwimu za mita ni mali ya mteja, na kwamba haziuzwi.

La nne ni mita kwa kila kaya, pamoja na hesabu iliyo wazi. Mpangaji wa mzigo naye ni mteja. Na kila shirika linaposema kwamba teknolojia imeliokolea fedha, litangaze kiasi na lioneshe ni sehemu gani imerudi katika bei. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 1995 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa vyombo vya dola, na UEDCL sasa ni mali ya umma. Swali hilo si ufidhuli, ni haki.

Wapo watakaosema kwamba mambo ya bei yaachiwe wataalamu. Nawaheshimu wataalamu, ila nakumbuka kwamba mwenye kiwanda hakuwaachia. Alikwenda na mawakili na wahasibu wake, akaketi mezani, akapata bei ya saa. Mteja wa nyumbani hakupata kwa sababu hakuwapo. Mtoto asiyelia hapewi titi, wahenga walisema, na katika jedwali la bei ukimya wa maskini huhesabiwa kuwa ameridhika.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii si insha ya kubuni. Kila mmoja aandike uniti zilizobaki katika mita ya nyumbani kwao mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili jioni, wakati wa kulala, na asubuhi. Asisahau kuandika uniti zilizonunuliwa katikati ya wiki. Baada ya siku saba, piga hesabu ujue ni kiasi gani cha umeme wenu hutumika jioni, kisha waulize wazazi ni kazi zipi zingeweza kuhamia usiku kama bei ingeruhusu. Mwisho, andika barua rasmi ya ukurasa mmoja kwa ERA, kwa Kiswahili sanifu, yenye anwani, mada, hesabu yako na ombi moja lililo wazi. Zile zilizoandikwa vizuri tutazifasiri kwa Kiingereza pamoja darasani na kuzituma. Barua moja itawekwa kando, najua. Lakini barua arobaini zenye hesabu, kutoka kwa vijana watakaokuwa wateja kwa miaka hamsini ijayo, zitahitaji majibu.